Chemchemi Isiyo na Wizara

Nilifika Kibondo katika miaka ya sabini nikiwa na swali ambalo msimamizi wangu wa Chuo Kikuu alilikubali kwa shingo upande: katika serikali ya nchi hii, ni nani anayewajibika kwa ardhi, miti na maji vikiwa pamoja? Wakati huo hapakuwa na waziri wa mazingira. Ofisi yenye neno hilo kwenye kibao chake ilikuja miaka mingi baadaye, ingawa wengi hudhani imekuwepo siku zote. Kwa hiyo nilikuwa ninaandika historia ya ofisi ambayo haijazaliwa, kazi ambayo wenzangu bwenini waliiita ukunga wa hewa.

Majalada niliyoonyeshwa wilayani yalinipa nusu ya jibu, na nusu hiyo ilinikera. Wakoloni waliweka idara ya misitu ili ilinde mbao na nta. Maji yakawa ya wahandisi, na wahandisi wakafuata miji. Ardhi ikawa ya wapima mipaka. Baada ya Uhuru misitu ikahamishwa kutoka wizara hii hadi ile, kama mgeni ambaye kila nyumba inamkaribisha na hakuna inayomtandikia kitanda. Sikuona popote ambapo mti na maji yaliyo chini yake vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Nilijiuliza kama kasoro ilikuwa katika serikali au katika swali langu. Halafu nikajiuliza kama kujiuliza hivyo hakukuwa woga tu wa kijana asiyetaka kuwaudhi wakubwa.

Buha, nchi ya Waha, ilikuwa na jibu lake, la zamani kuliko majalada. Kila eneo lilikuwa na mteko, mtu wa ukoo ulioifungua ardhi ile mara ya kwanza. Mteko hakuwa chifu, wala hakukusanya kodi. Kazi yake ilikuwa ardhi yenyewe: hakuna aliyevunja pori, aliyejenga, wala aliyekata mti wa chemchemi kabla mteko hajafika, akasimama mahali pale na kukubali. Akishakubali, mahali pale palikuwa juu yake, yeye ndiye wa kupajibia. Mvua ikigoma au chemchemi ikififia, watu walikwenda kukaa uani kwake, bila kumwamkia, mpaka atoke aje kuona. Nilipoandika haya niliongeza pembeni kwamba hii ilikuwa wizara nzima ndani ya mtu mmoja. Kisha nikayafuta maneno hayo, maana yalinukia sifa, nami sikwenda kule kusifu.

Kijiji nilichokaa kilikuwa upande wa Kasulu, kando ya barabara, kijiji kipya kama vingi vya wakati ule. Watu walikuwa wameteremshwa kutoka milimani kwa amri ya serikali mwaka uliotangulia, na nyumba walizoziacha ziliezuliwa au zilichomwa ili wasirudi. Mteko wao alipangiwa kijiji kingine, mbali, pamoja na watu wa mlima mwingine. Waliogawa watu hawakujua kazi yake, wala hawakuuliza.

Nilipewa chumba kwa mama mmoja mjane ambaye nyonga yake ilivunjika zamani ikaunga vibaya. Wakati wa kuhamishwa alikataa kiwanja baada ya kiwanja, akitukanwa na mgambo, mpaka akapewa kilichopakana na chemchemi ya kijiji, iliyokuwa imefunikwa na mikuyu mikubwa na matete. Kiwanja kile ndicho kilichomwezesha kuishi peke yake. Mtungi aliujaza mwenyewe, akaurudisha nyumbani mwenyewe, akipumzika njiani. Mto ulikuwa chini bondeni, na kupanda kutoka mtoni na mzigo kichwani kulimshinda kabisa.

"Sina mume, sina binti wa kunichotea," aliniambia siku niliyofika. "Nina chemchemi. Usije ukaniogea pale juu, msomi, tutagombana."

Mvua zilipokuwa zinaelekea kukoma, ikaja habari kwamba waziri mwenye dhamana ya misitu angepita akielekea Kibondo, na kwamba angesimama kijijini kwetu kupanda mti. Afisa aliyetangulia kuandaa ziara alikuwa mtu wa pwani, anayetetemeka kwa baridi ya asubuhi ya milimani ndani ya kaptula na soksi ndefu. Alizungushwa kijiji kizima, akaipenda chemchemi.

"Hapa panafaa. Maji yapo, gari linafika," alisema. "Ila pasafishwe. Mheshimiwa hawezi kupanda mti porini."

Nilikuwa nimesimama karibu naye. Nimeligeuza neno hilo kila upande, nikitafuta maana yoyote ambayo ingemwokoa mtu huyu, na sijaipata: ili mti mmoja upandwe, miti iliyokuwepo iondolewe. Nilimwambia, kwa adabu yote niliyokuwa nayo, kwamba miti ile ndiyo iliyokuwa ikiyatunza maji, na kwamba mche aliouleta, mkaratusi, hunywa maji kuliko ng'ombe.

"Ndugu," alinijibu, "umekuja kusoma au kupinga?"

Wakaazi hawakukurupuka kukata. Jambo hili lazima nilisisitize, kwa sababu nimewasikia watu wa mjini wakisimulia visa vya namna hii kama ushahidi wa ujinga wa mashambani. Mwenyekiti wa kijiji, mkulima wa maharage mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliitisha mkutano. Mama mwenyeji wangu ndiye aliyesimama kwanza, akiegemea fimbo.

"Nani amesimama pale akakubali?" aliuliza. "Mteko wetu mmewapelekea watu wengine."

"Mteko wetu ni wa mlima mmoja, mama," mwenyekiti akasema. "Huyu anayekuja ni mteko wa nchi nzima. Miti yote ya Tanzania iko juu yake. Akisema anapanda pale, amekwishakubali."

"Hajapaona."

"Atapaona siku hiyo. Atasimama pale kwa miguu yake."

"Na pakiharibika?"

"Tutakwenda kwake, kama tunavyokwenda kwa mteko. Atakataaje? Si wake?"

Mzee mmoja akadakia kutoka nyuma, "Na uani kwake lazima kuna viti, siyo kama kwa yule wetu!" Watu wakacheka, na kicheko kile kikafunga mkutano. Mama hakucheka, lakini aliketi.

Kosa lilikuwa hilo, na kwa maoni yangu lilikuwa kosa la watu waungwana. Walidhani kwamba mtu hawezi kupewa amri juu ya kitu bila kupewa pia mzigo wa kukijibia. Walimpa waziri heshima kubwa kuliko ile ambayo sheria zetu zimewahi kumpa: walimfanya mtu wa kuwajibika. Nimesoma hati zinazoeleza madaraka ya ofisi ile. Zinasema anaweza kutenga, kukataza, kuruhusu, kutoza. Hazisemi aende wapi miti ikiisha.

Mikuyu ilikatwa kwa shoka na msumeno wa kijiji. Matete yaling'olewa. Udongo wa ukingoni ulichimbwa ukasawazishwa ili papatikane uwanja wa jukwaa, na sehemu ya udongo huo ilisukumwa mpaka kwenye jicho la chemchemi. Kwa matawi yake walijenga geti la mapokezi, kijani kibichi, zuri sana. Siku ya ziara watoto waliimba, waziri akashuka kwenye Land Rover, akashika jembe lililofungwa utepe. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza kwa upole juu ya thamani ya misitu, akiwa amesimama juu ya visiki, na hakuna hata mmoja katika msafara wake aliyeangalia chini.

Alipokwisha kunawa mikono, mwenyekiti akamuuliza mbele ya watu wote, "Mheshimiwa, utarudi lini kuutazama?"

Waziri alicheka kwa furaha. "Mti ni wenu sasa! Mimi nimeufungulia njia tu."

Makofi yakapigwa. Nilimwona mwenyekiti akipiga makofi pamoja na wengine, polepole, kama mtu anayepiga hesabu isiyokubali. Kwa desturi yake, anayefungua ndiye anayebaki.

Kiangazi kilipoingia, chemchemi iligeuka tope, kisha ikawa unyevu, kisha nyufa. Vijana walijaribu kuzibua jicho lake wasilipate. Udongo ulikuwa umeshindiliwa na miguu ya watu wote waliokuja kushangilia. Wanawake wenye nguvu walianza kuteremka mtoni. Mama mwenyeji wangu alijaribu mara moja. Alirudi jioni na mtungi uliovunjika na goti lililochubuka, akakataa kusaidiwa kuvuka kizingiti chake. Mimi nilimchotea tangu siku ile, na jirani zake pia, lakini niliuona uso wake kila alipopokea maji ya watu. Alikuwa anahesabu ni lini watachoka.

"Twendeni kwake," akawaambia wanawake wenzake. "Si mwenyekiti alisema?"

Waziri alikuwa Dar es Salaam. Uani kwake hapakufikika. Wakaamua kwamba ofisi za serikali wilayani ndizo ua wake. Walipata lifti kwenye lori la muhogo, nami nikafuatana nao kwa sababu mama aliniomba nisome vibao vya milangoni. Walikwenda na mitungi mitupu, hawakumwamkia mtu, wakaketi kwenye varanda. Makarani waliokuja kutoka mikoa mingine walidhani ni dharau. Nilijaribu kueleza kwamba hivyo ndivyo mtu anavyoonyesha kuwa amekuja kwa shida ya ardhi. Karani mmoja akaniuliza kama mimi ndiye niliyewachochea.

Kijana wa idara ya maji alikuwa wa kwanza kutoka.

"Mama, sisi tunashughulika na bomba. Chemchemi yenu haina bomba."

"Ingekuwa nalo ningekuja kufanya nini?" mama akamjibu. Wenzake wakaguna.

Mlango wa misitu ulitupokea vizuri zaidi. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama miti ile ilikuwa ndani ya hifadhi.

"Ilikuwa ndani ya kijiji," mama akasema.

"Basi hiyo ni ya serikali ya kijiji."

"Serikali ya kijiji ndiyo iliyokata."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya mkubwa wako."

Nadhani afisa alielewa, nimelifikiria mara nyingi lile tabasamu lake dogo la aibu. Lakini kuelewa si kazi inayolipwa mshahara, na alituelekeza mlango wa ardhi. Wa ardhi alisema kiwanja hakijachukuliwa na mtu, kwa hiyo hakuna mgogoro, na kama ni mambo ya miti turudi kwa watu wa miti. Hakuna aliyetufukuza. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alilinda mpaka wake kwa usahihi ambao ningeupongeza katika tasnifu, na katikati ya mipaka hiyo yote sahihi mwanamke mmoja alikosa maji ya kunywa. Hasira niliyoipata kwenye varanda ile haijaniacha, na sijaona sababu ya kuiomba iniache. Jioni mlinzi alifunga milango, akatuomba tuondoke kwa sababu yeye ndiye angeulizwa.

Siku chache baadaye mama alifunga blanketi, sufuria na jembe, akanipa mimi vilivyobaki nimbebee, akapanda mlimani alikokuwa akiishi zamani. Tulichukua siku nzima. Kuta za nyumba yake zilikuwa bado zimesimama, nyeusi kwa moshi, bila paa. Nyuma yake, kwenye migomba iliyogeuka pori, kijito kidogo kilikuwa kinapita kama zamani. Alichota maji kabla hajafanya kitu kingine chochote. Nilimkatia nyasi za kuezekea. Alinisuta kwa kuzifunga vibaya, akazifungua akazifunga upya.

Mwenyekiti alikuja na mgambo wawili. Walikuwa wamechoka kwa mlima, na mmoja wao, aliyekuwa mtoto wa shemeji yake mama, hakuweza kumtazama usoni.

"Mama, shuka," mwenyekiti akasema. "Kuishi huku ni kuvunja amri. Unaniweka pabaya."

"Niletee maji mlangoni, nitashuka leo hii. Nitatangulia mbele yako nikiimba."

"Maji siyo kazi yangu."

"Najua. Nimekwishazunguka kwa wote ambao siyo kazi yao."

Mwenyekiti akanigeukia. Sauti yake ilikuwa imeisha ukwaya wote. "Ndugu, wewe umesoma. Mwelezee sheria."

Niliijua. Ningeweza kumtajia agizo, aliyelitia saini, na adhabu yake, kwa utaratibu ule ule niliofundishwa. Nikawaza kwamba mwenyekiti huyu naye alikuwa amesimama mlangoni pa mtu asiyekuwepo, akisubiri atoke. Kisha nikawaza kwamba huruma yangu kwake isinifanye nimsaidie.

"Sheria naijua," nilisema, "na simwelezei."

Yule mgambo wa ukoo wa shemeji aliweka bunduki yake chini, akauliza kama kuna maji. Mama alimpa kibuyu, akampa na mwenyekiti. Walikunywa wakiwa wamesimama, kisha wakateremka bila mama, nami na yeye tukarudi kuezeka paa kabla giza halijaingia.