Maji Kwenye Besi ya Kwanza

Hosea Amzi Stroud, mwana wa Tobias mkata magogo, mjukuu wa Amzi aliyeutoroka utumwa mbwa wakimfuata na wasimpate, ndiye aliyeiba besi nyingi kuliko mtu yeyote kwa msimu mmoja katika ligi ya besiboli ya bonde letu la Alabama. Mrushaji akiinua mguu tu arushe mpira, Hosea keshaondoka besi ya kwanza; mpira ukifika ya pili, unakuta vumbi lake.

Miaka ikampitia kama mawingu. Miguu ikagoma. Binti yake Cordelia, mtunza uwanja, alikuwa akimsukuma kwenye kigari hadi kivulini mwa jukwaa, mfuko wa karanga za kuchemsha mapajani. Hapo alisinzia, akicheka usingizini na watu waliokwisha kufa. Nyumba hakuwa nayo, shamba hakuwa nalo. Alikuwa na rekodi ile.

Ndipo akaja Lucius Pettway, kijana wa timu ya ng'ambo ya mto, amebakiza kuiba besi moja tu aivunje rekodi hiyo.

Asubuhi ya mechi meneja wa timu yetu alimjia Cordelia. "Dada Cordelia, mwaga maji pale besi ya kwanza. Mwaga mpaka bata waogelee. Tuone atakimbilia wapi."

Cordelia akafungua bomba. Maji yakatanda, yakashika mbingu nzima, hata besi ikaonekana inaelea mawinguni.

"Unafanya nini wewe?" Sauti ilitoka kivulini.

"Namwagilia, Baba. Si ulikuwa umelala?"

"Unamwagilia, au unapanda mpunga?"

"Kwani wewe hawakukumwagia?"

"Walinimwagia sana. Matope mpaka kwenye kamba za viatu, na nikaiba." Mzee akamenya karanga taratibu. "Mpe hayohayo. Ukizidisha, rekodi si yangu tena, ni ya bomba lako."

Machozi yakamlengalenga Cordelia. Kisha akachukua ufagio, akaanza kuyakumba maji, akiingiza kiatu chake mara kwa mara kupima matope yasipite kamba.

Alasiri, joto likicheza juu ya majani, Lucius alifika besi ya kwanza. Mrushaji akainua mguu. Kijana akachomoka, akateleza, akaegemea ardhi kwa kiganja, akainuka mbio. Alifika besi ya pili pamoja na mpira. Mwamuzi akatandaza mikono: salama.

Cordelia hakuwa akitazama huko. Alimtazama baba yake, ambaye miguu yake ilikuwa ikitikisika chini ya blanketi, kama ya mtu anayekimbia ndotoni.

Lucius akaja, matope kifuani, kofia mkononi. "Nisamehe, mzee wangu."

"Nikusamehe nini? Uliniomba ruhusa kabla ya kukimbia?"

Watu wakacheka. Mzee akaushika ule mkono wa matope, asiuachie.

"Uliteleza."

"Niliteleza, mzee."

"Basi sikiliza, mwanangu. Yuko atakayekuja kukunyang'anya rekodi hii, pengine hajazaliwa bado. Kazi yako ni kuishi mpaka siku hiyo. Uje mapema, ukae hapa nilipokaa mimi, uangalie wasimzamishe."