Ng'ombe Kumi na Wanane wa Mshenga Malimi

Hebu mwone Mzee Malimi akiingia uani kwa Yeremia, huko Ilemela. Koti limepigwa pasi, kofia iko mkononi. Amekuja na mpwa wake Ngosha, kumposea Winnie, binti wa nyumba hiyo. Ni mshenga wa miaka thelathini na hajawahi kushindwa, kwa sababu hataji jambo lililomleta. Anauliza habari za mvua, mifugo na goti la bibi, mpaka wenyeji wachoke walitaje wenyewe. Na mwenyeji akilitaja kwanza, kwa mila ya kule, hana budi kupunguza mahari.

Sasa, ndugu yangu, siku hiyo mezani, mahali pa msemaji wa wenyeji, hakukuta mtu. Alikuta kompyuta, na pembeni yake Bushra, mwanafunzi wa chuo aliyealikwa na wenyeji, anayesomea kuifundisha mashine kusema kama watu. Miaka miwili alikuwa akimrekodi Malimi kwenye posa, na mashine ikajifunza kwake.

"Shikamoo, mzee. Leo mshenga wetu ni huyu," alisema Bushra, akiionyesha kompyuta.

"Marahaba. Mbona hamjampa kiti?"

Kompyuta ikaanza kwa adabu: "Habari za nyumbani? Yule ng'ombe wenu mwekundu aliyevunjika pembe, amepona?"

Malimi hana ng'ombe mwekundu. Lakini mgeni wa posa hambishii mwenyeji.

"Amepona. Anawasalimu."

"Na mapacha wake?"

"Wananyonya vizuri."

Bushra akamnong'oneza, "Mzee, haijui kitu. Inabahatisha neno linalofuata, kwa jinsi wewe ulivyozoea kusema."

"Basi imefundishwa vizuri. Niache nijibu."

Ukaliwa ugali na sato. Mashine haili, haichoki. Ilipofika alasiri, kwa kuitikia kila ilichouliza, Malimi alikuwa na ng'ombe kumi na wanane, wote wazima, na zizi jipya Bujora. Ngosha, ambaye kwao ng'ombe ni wanne tu, akamvuta mkono.

"Mjomba, hao ni wa nani?"

"Nyamaza. Bado haijataja jambo. Tunashinda."

Hapo Yeremia, baba wa binti, akakohoa. Kutwa nzima alikuwa akisikiliza tu.

"Basi tuongee mahari," alisema. "Nimetaja mimi, nimeshindwa, nitapunguza. Sitadai zizi. Hao kumi na wanane wanatosha. Winnie ni wenu."

Winnie akamtazama Ngosha, akatabasamu. Uani kote wakageuka kumtazama mshenga ambaye hajawahi kushindwa, wakingoja aseme amekubali, au aseme kwamba tangu asubuhi amekuwa akidanganya.

Ungekuwa wewe, ungewajibu nini?