Ng'ombe Waliingia, Hawakuingizwa

Nilipokuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, niliamini kwamba hakuna mtu kijijini kwetu, nje kidogo ya Karatu, aliyejua Kiswahili kunishinda. Nasema bila haya kwamba ilikuwa kweli. Wazee wetu walizungumza Kiiraqw nyumbani, na Kiswahili waliketi nacho kanisani na kwenye mikutano kama mtu anavyoketi na mgeni. Mimi nilikisomea. Ngeli nilizijua zote, kauli za kitenzi nilizitaja kwa mpangilio bila kukwama, na mkufunzi wetu, mtu wa Tanga aliyefumba macho kwa uchungu kila tulipofungua midomo sisi watu wa bara, aliwahi kusema mbele ya darasa zima kwamba insha yangu ingefaa kusomwa redioni.

Basi likizo ya Juni nilirudi nyumbani kusahihisha watu. Tangazo la duka la ushirika nilililima kwa kalamu nyekundu likiwa bado limebandikwa mlangoni. Katekista nilimfuata baada ya ibada nikamweleza kwamba kondoo hawapotei "yote", wanapotea "wote". Alinishukuru, nadhani. Mama ndiye aliyenishinda.

"Nipe kisu ile," aliniambia tukimenya viazi.

"Kile, mama. Kisu kile."

"Kile ama ile, si inakata? Lete."

Miaka ile sabuni ilikuwa adimu na chai tuliinywa kavu, lakini mimi nilijiona nimeshiba.

Siku ya mnada ukungu ulichelewa kuondoka. Tulikuwa bado tunakunywa uji baba alipoita kwa sauti kutoka bondeni, ambako shamba letu la dengu lilipakana na barabara itokayo Ngorongoro. Tulikimbia. Tulikuta ng'ombe tisa wa watu katikati ya dengu, na kati yao mwanamume wa makamo aliyevaa shuka jekundu na juu yake koti kuukuu la jeshi, akiwachapa kwa fimbo huku akipiga mluzi. Dengu zilikuwa ndiyo kwanza zinaweka maua. Upande mzima wa chini ulikuwa umelala.

Baba hakusubiri kuuliza. "Umewaleta washibe kwangu ili wanenepe mnadani!" alimfokea. Yule mtu alijibu kitu kwa Kimaasai, kisha kwa Kiswahili akasema, "Ngoja, mzee, ngoja." Baba hakungoja. Kufikia saa nne ng'ombe walikuwa wamefungiwa kwenye zizi la kijiji, mwenyewe ameketi kando yao kwenye jiwe, na mnada unaanza bila yeye. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Nainokanoka.

Shauri lilisikilizwa mchana huohuo katika ofisi ya kijiji. Katibu alikuwa amekwenda Mbulu, makao makuu ya wilaya yetu siku hizo, kwenye msiba. Mwenyekiti akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kuandika muhtasari, na baba, aliyekuwa mlalamikaji, akasema, "Binti yangu yuko chuoni." Alilitamka kama mtu anayetoa fahali wake zizini watu wamwone. Hakuna aliyeona ubaya wa binti wa mlalamikaji kushika kalamu. Mimi pia sikuuona.

Baba alieleza alichokiona. Mwenyekiti akamgeukia mfugaji. Yeye alisimama, akaegemea fimbo yake, akasema maneno machache ambayo nayakumbuka yote:

"Gari imelia paa! Ng'ombe imeogopa, imekimbia. Mimi nafukuza ng'ombe kwa shamba. Basi."

Wajumbe walitazamana. "Amekubali," mmoja alisema. "Amesema mwenyewe amewafukuza kwa shamba."

Niliandika. Chuoni tulifundishwa kwamba maandishi ya ofisi hupendeza yakiwa katika kauli ya kutendwa, na mimi nilitaka wajumbe wale wajue wameketi na mtu wa aina gani. Niliandika hivi: "Mshtakiwa amekiri kwamba ng'ombe walifukuzwa, wakaingizwa shambani kwa mlalamikaji na dengu zikaharibiwa." Niliitazama sentensi yangu nikaiona inang'aa.

Niliisoma kwa sauti. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Hicho ndicho Kiswahili," alisema, akasukuma kidau cha wino mezani ili mfugaji aweke dole gumba.

Mfugaji alinyoosha mkono. Dole lilikuwa limeshafika karibu na wino alipolirudisha.

"Ndito," aliniita, kama Wamaasai wanavyomwita msichana. "Soma tena. Pale pa ng'ombe."

Nilisoma tena.

"Waliingizwa," alirudia polepole. "Hiyo, waliingizwa, maana yake nini?"

"Maana yake," nilimjibu kwa sauti ya darasani, "hawakuingia wenyewe. Kuna mtu aliyewaingiza."

"Mtu gani?"

"Wewe, mzee," nilisema.

"Mimi nimesema hivyo?"

Hapo ndipo nilipoisikia sauti yake upya, na maneno yake yakapita mbele yangu moja moja. Nafukuza ng'ombe kwa shamba. Mkufunzi wangu angeipiga msalaba sentensi ile, lakini angalau angeuliza kwanza: kwa shamba, kuelekea wapi? Kufukuza kwenda shambani ni kosa. Kufukuza kutoka shambani ndiyo kazi ya mchungaji yeyote. Kwa Kiswahili cha kwetu neno "kwa" lilibeba yote mawili, na mimi, msomi, nilichagua moja bila kumwuliza mwenye neno. Tena nililipamba. Hakuwa ametamka "kuingiza" hata mara moja. Neno hilo lilitoka kwangu.

Niliona uso ukipata moto, ila akili haikunipotea. Sarufi nilikuwa naijua, na kilichonibana kilikuwa ndani ya sarufi.

"Mwenyekiti," nilisema, "naomba nimwulize swali moja."

"Wewe ni mwandishi."

"Ndiyo, na siwezi kuandika nisichokielewa." Nikamgeukia mfugaji. "Mzee, uliwafukuza waende shambani, au uliwafukuza watoke?"

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kama maji hulowesha. "Watoke! Mtu anaingiza ng'ombe kwa dengu ya watu asubuhi, barabarani, kila mtu inaona? Gari imelia, imekimbia yote. Mimi naingia, nafukuza, watoke."

Nilichukua kalamu nikaifuta sentensi yangu kwa mstari mmoja mnyoofu.

"Usifute," baba alisema.

"Nimeandika kitu ambacho hakukisema, baba."

"Andika ulivyoandika mwanzo." Akahamia Kiiraqw, kwa sauti ya chini iliyosikika na kila mtu: alinisomesha kwa miaka mingi, aliuza fahali kunipeleka, na leo ninamsemea mtu wa njiani dhidi yake?

Simsemei, nilimjibu kwa lugha hiyohiyo. Namwandika tu.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, na sikuwa nimewahi kumjibu baba mbele za watu. Sauti haikutetemeka.

Mwenyekiti alikuwa mtu mwenye busara. Hakutoa hukumu. Alisimama, akavaa kofia, akasema, "Twendeni shambani tukaangalie kwato." Tukaenda wote, wajumbe, mfugaji, baba mbele, mimi nyuma na daftari langu.

Ukungu ulikuwa umeacha udongo laini. Penye barabara nyayo zilikuwa karibu karibu, za ng'ombe wanaotembea. Kisha ghafla zikatawanyika: kwato zimezama, zimeachana mbali, udongo umerukia nyuma. Walikuwa wameuvunja ua wa minyaa sehemu tatu tofauti. Baba alichuchumaa. Amefuga tangu utoto, na hakuna mjumbe aliyejua ng'ombe kama yeye. Aliweka kiganja ndani ya alama moja, akahamia ya pili, kisha ya tatu.

"Hawa walikimbia," alisema hatimaye. "Hakuna mtu anayeingiza ng'ombe kwa mitindo hii." Akainuka, akapangusa magoti. Hakunitazama.

Pale pale shambani niliandika upya, daftari likiwa juu ya goti: "Gari lilipiga honi. Ng'ombe waliogopa, wakaingia shambani wakala dengu. Mfugaji aliwatoa." Sentensi fupi, za mtoto wa darasa la tatu. Niliposoma, mfugaji alisikiliza hadi mwisho, akaweka dole.

Hata hivyo dengu zilikuwa zimeliwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyelisema hilo kwanza. Aliziba ua siku ya pili nzima, akapanda minyaa mipya pale palipovunjika, na kwenye mnada uliofuata alimletea baba kondoo jike mwenye mimba. Wawili hao walibishana juu ya umri wa kondoo huyo, kila mmoja akimfungua mdomo na kuhesabu meno, kwa Kiswahili ambacho sikuthubutu kukigusa.

Baba alininyamazia kwa siku tatu. Siku ya nne tulikuwa tunapalilia, akasema bila kuinua kichwa, "Hilo neno lako. Waliingia, waliingizwa. Tofauti ni herufi ngapi?"

"Mbili, baba. Na mtu mmoja."

"Mtu gani?"

"Anayelaumiwa."

Alipalilia mstari mzima. Kisha akaniambia nikaoshe mikono, nilete karatasi. Alitaka barua iende kwa serikali ya kijiji: pawe na njia ya ng'ombe wa mnada, yenye ua pande zote mbili, ili honi ya gari isimtie mtu hasara tena.

Tuliketi kibarazani. Sijapata mtihani mgumu kama ule. Niliandika sentensi, nikamsomea, akauliza, "Hapo nani anafanya nini?" Nikiweka neno kubwa analitema: "Mimi nimesema hilo?" Niliandika "inaombwa", akataka "naomba". Niliandika "hasara zilizosababishwa", akasema, "Sema dengu zililiwa, kila mtu anajua dengu." Mama alipita na ndoo mara mbili, na mara ya pili akacheka. Hadi jua linazama tulikuwa na nusu ukurasa, na baba akatia sahihi yake mwenyewe, herufi kubwa zilizoinamia kulia, zile alizojifunza kwenye darasa la watu wazima.

Njia ilitengwa mwaka uliofuata, baada ya mikutano mitatu na ubishi mwingi. Wakati huo nilikuwa nimerudi chuoni.