Siku Nilipozipa Nguzo Mabalozi

Mkiniona nakwenda sokoni Ng'ambo kwa njia za uchochoroni, msidhani namkimbia mtu, ni haya tu, na haya yenyewe ni ya miaka mingi, maana niliitafuta mwenyewe kwa penseli yangu, mchana kweupe, mbele ya umati na mbele ya mzee ambaye nilikuwa namposa binti yake.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi moja ya ujenzi hapa Tabora, kijana wa Bukene nisiyejulikana na mtu. Ushirika wa wafuga nyuki ulitaka jengo la ghorofa, chini ghala la asali na nta, juu ofisi na ukumbi. Injinia wetu, Bwana Mhina, alikaa Dar es Salaam, ambako kulikuwa na kompyuta (nilisikia inajaza chumba kizima na inapepewa kwa feni mchana kutwa), na kazi yangu mimi ilikuwa kujaza makaratasi yenye visanduku, nguzo iko wapi, boriti iko wapi, upepo unasukuma kutoka upande gani, kisha makaratasi yanapanda treni, mashine inapiga hesabu, na majibu yanarudi kwangu moja kwa moja kwa treni vilevile.

Siku moja akanipigia simu kunieleza habari za sakafu.

"Ramadhani, sakafu ya zege haijikunji. Upepo ukisukuma, vichwa vyote vya nguzo vilivyoshikwa na sakafu hiyo vinasogea pamoja. Sasa mashine hailijui hilo mpaka uiambie. Kila sakafu, chagua kiungo kimoja, pale nguzo inapokutana na sakafu, kiwe kiongozi, vingine vyote vikifuate. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

Sikuelewa, lakini nilipoweka simu chini nikajiambia, kumbe ni balozi wa nyumba kumi, yule kiongozi wa Chama mtaani! Akienda mkutanoni, nyumba zote zinakwenda. Nikajaza vizuri kabisa, nguzo hii inamfuata balozi, na hii inamfuata balozi, mpaka nikafika kwa balozi mwenyewe, na mbele yake pana kisanduku kitupu cha "anamfuata nani". Kingeachwa kitupu, basi. Lakini mimi na kisanduku kitupu hatuelewani, nakiona kama uvivu, nikafikiri, balozi gani asiye na mkubwa wake? Nikaandika kwamba balozi wa sakafu ya juu anamfuata wa sakafu ya chini yake, na huyo anamfuata mkubwa wa kwenye msingi. Nikalala usingizi mtamu.

Majibu yaliporudi, safu ya kuonyesha kila sakafu inasogea kiasi gani ilikuwa sifuri tupu, juu sifuri, chini sifuri. Badala ya kushtuka nilifurahi. Nikamwambia Katibu wa Chama kwamba mashine imethibitisha jengo letu halitikisiki, naye akaruka kwa furaha, akasema siku ya jiwe la msingi nitasoma majibu hayo kwenye kipaza sauti wananchi wasikie.

Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa. Mzee Songoro, mshona magodoro wa Ng'ambo, baba yake Zainabu, alikuwa amenijibu posa yangu hivi: "Mie sijui kazi ya mtu anayechora mistari. Nitakuja kukusikiliza siku ya jiwe la msingi. Nikiona u mtu wa maana tutazungumza, nikiona u mpiga domo usinirudie mlangoni."

Siku ikafika, watu wamejaa, ngoma zinalia, Mzee Songoro yuko mbele na kanzu yake nyeupe. Nikashika kipaza sauti. "Sakafu ya juu, upepo wa mashariki!" Nikasoma. "Sifuri!" Akina mama wakapiga vigelegele. "Sakafu ya chini!" Umati wenyewe ukaitikia, "Sifuriii!" Nami nikanogewa, nikawa natembea huku na huku, na katikati ya raha hiyo nikamwona Injinia Mhina anapenya watu na begi lake mkononi, vumbi tupu, maana treni ilikuwa imelala Igalula na njia iliyobaki kaja kwa lori.

Akaichukua karatasi, akaitazama, akanitazama.

"Ramadhani, hata mnara wa kanisa hutikisika kidogo. Viongozi wa sakafu uliwaambia wamfuate nani?"

Nikamweleza kwa madaha, ngazi kwa ngazi, mpaka kwenye msingi.

"Na msingi unakwenda wapi?"

"Hauendi popote, mzee. Umechimbiwa." (Nilijisikia nikisema, na bado sikushtuka.)

"Basi umelifunga jengo zima ardhini, upepo haukupata cha kusukuma. Viongozi hawa kila mmoja awe huru na mwenzake."

Katibu akanipokonya kipaza sauti. "Huru? Balozi anafuata tawi, tawi linafuata wilaya! Kijana kapanga sawasawa, kosa liko wapi?"

Watu wakapiga makofi. Injinia akafuta jasho. "Kwenye zege, ndugu Katibu. Nasema kwenye zege tu."

Jamani, nilichanganyikiwa. Umati mzima unasema nina akili, mtu mmoja anasema sina, na huyo mmoja ameanza kutazamwa kama adui wa taifa. Ningenyamaza, ningeoa. Ila nondo zingepangwa kwa sifuri zangu, na watu wangeingia humo na familia zao. Nikamwomba Katibu kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, nimekosea mimi. Injinia yuko sawa. Jengo litatikisika."

Loo! Waliokuwa karibu na msingi wakarudi nyuma, wapiga ngoma wakabeba ngoma zao, mama mmoja akamvuta mwanawe kwa mkono. Nikapiga kelele, "Kidogo tu! Ndivyo inavyotakiwa!" lakini kipaza sauti kilikuwa kinapiga mluzi na hakuna aliyenisikia. Mzee Songoro naye akaondoka. Mjini nikawa Bwana Sifuri, na kila nikimwamkia mzee huyo shikamoo aliniitikia marahaba, basi, hakuna la ziada.

Tukarudia hesabu, visanduku vya viongozi nikaviacha vitupu, na nikaapa kwamba jibu likinifurahisha kupita kiasi nitalitilia shaka kwanza, na kipaza sauti sikishiki tena hata kwenye harusi ya ndugu.

Jengo lilipokwisha, Mzee Songoro alikuja peke yake. Akapanda mpaka juu, akakusanya kanzu yake kwa mikono miwili, akaanza kurukaruka pale ukumbini, mzee wa watu, mvi zote zile. Akashuka anahema.

"Linatikisika?"

"Kidogo, mzee."

"Mbona sikusikia?"

"Miguu haiwezi kusikia, mzee. Ila linatikisika."

Akapangusa kanzu yake vumbi la saruji.

"Mlete mshenga wako Ijumaa."