Nilirudi Ruiru nikapendana na kaka ya ex wangu, miguu ikaniumbua siku ya ruracio

Wakuu, niaje. Hii nimeitoa kwa diary yangu, ile naandika tangu form two kwa sababu uso kwa uso mimi siwezi kuongea. Saa hii niko na miaka ishirini na nne na bado siwezi. Sijaongeza chumvi.

Zamani nilikuwa na Kamau, kijana wa Kimbo. Maneno matamu, lakini siku ya kulipia chips simu yake huwa haina charge.

Tukaachana. Nikaenda Mombasa kufanya kazi ya saluni, mwaka jana nikarudi kwa wazazi Mugutha, hapo Ruiru.

Baba alikuwa anajenga choo. Akanituma Thika kuulizia simiti. Kwa kaunta ya hardware nikampata mwenyewe: Njoroge, kaka mkubwa wa Kamau.

Ana hardware, ana ploti za kupangisha, ana Prado, na bado anakula githeri kwa mkebe wa Blue Band.

Alinichekesha. Mimi nikicheka sitoi sauti, mabega tu ndiyo hutingika.

Akaanza kuleta mchanga kwetu yeye mwenyewe. Wakuu, mtu wa Prado haleti mchanga bila sababu.

Mambo ya Kamau nilimwambia mapema. Akasema, "Sawa. Lakini mathe asijue. Akijua ulikuwa wa Kamau, hatatia mguu kwenu."

Kamau naye akaapa atafunga mdomo.

Ikafika ruracio, wakaja kuleta mahari. Mnajua vile kwetu hufanywa: wasichana wanafunikwa leso kutoka kichwani, wanapangwa laini, mwanaume anatafuta wake. Akikosea, faini.

Kwa mtu wa haya kama mimi, hapo ndipo raha. Chini ya leso unaona viatu tu.

Nikaona viatu vya Njoroge vinakuja. Vikanipita. Vikasimama kwa Tata Wairimu, shangazi yangu, mama wa watoto wanne.

"Karibu mume wangu!" Tata akasema. "Watoto wako wako shule, lipa fees!"

Vigelegele. Faini, mbuzi mmoja.

Nikaogopa. Na nikiogopa, mguu mmoja hukuna mwingine, hata sijui nafanya.

Kamau alikuwa ameshiba muratina, ile pombe ya wazee. Akapayuka, "Bro, wacha kutuaibisha! Ni huyo anajikuna! Huyo hujikuna hivyo tangu zamani!"

Ngai.

Viatu vyeusi vya mama yao vikaja polepole, vikasimama mbele yangu.

"Kamau, miguu ya huyu umeijulia wapi?"

"Mathe, mimi nilikuwa tu..."

"Nyamaza. Si huyu ulimleta Krismasi ukasema ni classmate? Akaniosha sufuria zote na wewe umelala kwa kochi. Nilimjua siku ya kwanza Njoroge alipomleta. Nilikuwa nangoja kuona nani kati yenu ataniambia ukweli."

Viatu vyake vikageuka.

"Mbuzi wa pili ni wa Kamau. Na wewe Njoroge, rudia. Ukikosa tena, humjui, tunaenda nyumbani."

Tukapangwa upya. Nikakanyaga chini miguu yote miwili. Nikasema moyoni, akinipita tena, hata mimi sitaki.

Safari hii hakuangalia miguu. Alitembea polepole akinung'unika, "Tata, kama ni wewe tena, sema mapema, nitafute pesa za hizo fees."

Mabega yangu, wakuu.

Viatu vikasimama. "Ni huyu. Anacheka."

Akafunua leso.

Nilichojifunza: Kamau alinijua nikiogopa, Njoroge akanijua nikicheka. Wote walikuwa sawa, lakini nyumba nitaishi na mmoja.

Na pia, ukweli ambieni mathe mapema. Huwa anajua.

Mliowahi kuolewa na ndugu ya ex, hebu semeni: Krismasi mnaketi wapi?

Mbuzi wa Kamau bado hajafika. Tukipiga, simu haina charge.