Ng'ombe Mweusi wa Mvua

Baba mkwe wangu alikuwa mtu mwema, ila ukitaja bonde letu tu umemchokoza. Enzi zile za Mdachi, Ugogo ilikuwa nchi nyingi ndogo, kila moja na mtemi wake. Bonde lilikaa katikati ya nchi mbili: hii nilikoolewa, na ile ya ng'ambo ya kilima nilikozaliwa. Kila upande ulidai ni lake.

Chanzo kilikuwa ng'ombe. Mwaka mmoja wa njaa, zamani, mvua iligoma, na wazee wa huku wakampeleka ng'ombe dume mweusi kwa mtemi wa kwetu, ambaye mawe yake ya mvua yalisifika. Mvua ikanyesha. Basi kwetu wakasema ng'ombe yule alikuwa heshima, na anayetoa heshima amekubali kutawaliwa. Huku wakasema alikuwa bei: tulinunua mvua, hatukuuza bonde. Jamani, watu wakarithishana ugomvi huo pamoja na mbuzi. Mimi nilikuwa binti wa wezi wa bonde, eti, na baba mkwe alinitania hivyo huku akinimegea mnofu laini kuliko wa wanawe. Nilimpenda sana mzee yule.

Ndipo akaja Mdachi wa boma, amechoshwa na mashtaka. Alisikiliza asubuhi moja tu, akaamua mpaka upite kwenye korongo la mchanga. Nyumba ya baba mkwe ikaangukia nchi ya kwetu, nilikozaliwa.

Baba mkwe akasema tunahama. Mbegu za kupanda tulizipokea kila mwaka kwa mtemi wa huku, zimeshatiwa dawa, na mzee alisema hawezi kuzipokea kwa mtemi mwingine. Akapanda juu ya tembe, akafukua udongo wa paa, akaanza kung'oa magogo ili tuhame nayo. Nami nina mimba ya miezi minane! Mama mkwe akamwomba ashuke. Mzee haambiliki. Hapo mama akasema jambo ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kumwuliza: siku ile ya ng'ombe alikuwepo. Alikuwa msichana, na ndiye aliyemswaga, nyuma ya baba yake.

Mzee akasimama na gogo mkononi. Akauliza kwa sauti ndogo kilisemwa nini, bei au heshima.

"Hakikusemwa kitu," mama akajibu. "Tulipofika tu mlangoni kwa mtemi, kabla baba hajafungua mdomo, tone la kwanza likaanguka. Sote tukawa tunatazama juu, wao na sisi, tunacheka. Ng'ombe tukamsahau."

Mzee akarudisha gogo mahali pake. Kisha akashuka, akaniambia nikawasalimie wa kwetu na nirudi na mbegu za mtemi wao.

Mwanangu alizaliwa chini ya paa lile. Mvua ilipokuja ilivuja pale pale alipong'oa, na mzee mwenyewe ndiye aliyekaa akikinga maji kwa kibuyu, mjukuu asilowe.