Muhuri wa Buluu

Yule mzee wa Kimarekani nilimchukia tangu siku ya kwanza. Mwaka 1998 sisi wafanyabiashara tulikuwa tukila katika mkahawa mmoja wa Waislamu wa Kichina, mtaa wa Huanshi, na kila meza aliyokaa alikuwa na hadithi ya kwao ambayo hakuna aliyemuuliza. Sisi tuna makontena ya kupakia, yeye anahadithia.

Siku moja kosa lilikuwa langu. Nilimtajia kuwa natafuta merikani, ile pamba nzito ya zamani, kwa ajili ya sanda. Mama alikuwa mgonjwa Unguja, akaniagiza kwa simu: "Sitaki bafta za siku hizi, zinaonyesha mwili. Niletee merikani yenye muhuri wa buluu, kama aliyozikiwa bibi yako."

Mzee akafurahi kama aliyeokota pesa. Kitambaa hicho kilifumwa kwao, akasema, kikaja Zanzibar kwa meli, na viwanda vyake vilikufa zamani. Pamba yenyewe ilichumwa na watumwa. Tena Waingereza walipoona watu wetu hawanunui bila muhuri wa Kimarekani, wakaughushi.

"Huenda hata ya bibi yako ilikuwa ya bandia," akasema, akacheka. Nilitamani kummwagia chai.

Kesho yake, kwenye soko la nguo la Shisanhang, mama mmoja wa Kichina mwenye duka alinikunjulia pamba nzito, safi. Nilipouliza muhuri hakushangaa hata kidogo.

"Bosi, unataka upi?" akauliza kwa Kiingereza cha kuokoteza. "Kesho tayari."

Nikakikumbuka kile kicheko cha mzee. Nikamfokea yule mama wa watu kwamba mimi si tapeli, nikabeba jora likiwa jeupe tupu.

Nilipofika Unguja, mama alilipapasa jora kitandani, akaligeuza huku na huku akitafuta. Nikamweleza yote: watumwa, Waingereza, muhuri wa uongo. Nilijiona mkweli kweli.

"Mie nilikuagiza kitambaa, sio hadithi," akasema, akageukia ukutani.

Dada yangu aliondoka na jora bila kunitazama. Jioni akarudi nalo, akidai amepata jingine sokoni Darajani. Lilikuwa na muhuri wa buluu. Mama akaupitishia kidole, taratibu.

"Angalau mmoja wenu ananisikia."

Alipofariki tulimzika nalo hilo hilo. Dada alikuwa bado na wino wa buluu kwenye kucha, na mimi nilimwonea wivu ambao haujaniisha hadi leo.